Uyoga Badala ya Nyama: Mwongozo wa Mlaji Katika Mgahawa wa Vegani

Mgahawa wa vegani unaotegemea uyoga hupika vyakula vilevile ambavyo Wamarekani hula wanapotaka kushiba na kujiliwaza: kuku wa kukaanga, baga, makaroni na jibini, keki za kaa, viazi vya kuponda vilivyomwagiwa mchuzi mzito. Ila jikoni hakuna kuku, ng'ombe, kaa, yai, maziwa wala asali. Palipokuwa na nyama huwekwa uyoga. Migahawa ya aina hii inapatikana katika miji mingi mikubwa ya Marekani, na kila anayeingia ana sababu yake: Mwislamu aliyechoka kuuliza kama nyama ni halali, Msabato asiyegusa nyama, Mwethiopia aliye katika mfungo wa Kiorthodoksi, na mgeni kutoka Dar es Salaam au Bukavu aliyealikwa na wafanyakazi wenzake bila kuambiwa anakwenda kula nini.

Neno vegani lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, walipoanzisha chama cha watu wasiotumia mazao yoyote ya wanyama. Linajibu swali moja tu: kama chakula kina kitu cha mnyama. Halisemi kama kimetiwa mvinyo, kama kina korosho, kama protini inatosha, wala kama uyoga umeiva. Maswali hayo yanabaki kwa mlaji, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuyauliza kabla chakula hakijafika mezani.

Kwa nini uyoga

Uyoga si mmea. Uko katika himaya ya kuvu, na kwa nasaba uko karibu zaidi na wanyama kuliko mchicha au kabichi. Kuta za chembe zake zimejengwa kwa kitini, dutu ileile inayopatikana kwenye magamba ya kamba na ya wadudu. Kitini hailegei kwa moto wa kawaida wa jikoni. Mboga ikichemshwa muda mrefu hurojeka, kwa sababu pektini inayoshikanisha chembe zake huyeyuka. Uyoga ukichemshwa muda huohuo bado unatafunika. Hapo ndipo unapopata nafasi ya nyama: unastahimili kuokwa, kukaangwa na kupikwa upya bila kupoteza umbo.

Tatizo lake ni maji. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wa uyoga mbichi ni maji, na uyoga uliopikwa haraka kwenye sufuria iliyojaa huchemka katika maji yake wenyewe, ukatoka mlaini, wa kijivu na usio na ladha. Kwa hiyo kazi kubwa ya mpishi ni kuyaondoa maji hayo. Wengine huoka uyoga peke yake kwanza, wengine huunyunyizia chumvi na kuuacha uchuje. Mpishi Mmarekani Derek Sarno, ambaye pamoja na duka kuu la Tesco la Uingereza alianzisha vyakula vya Wicked Kitchen mwaka 2018, amejulikana kwa njia nyingine: kuubana uyoga kwenye kikaango cha chuma cha moto huku kikaango kingine kizito kikiukandamiza kwa juu, mpaka maji yatoke na nyama yake ishikamane. Menyu ikitaja uyoga uliobanwa, njia inayosemwa ni hiyo au inayofanana nayo, na kwa kawaida sahani hiyo inastahili kujaribiwa.

Jambo la pili ni ladha. Mwaka 1908 mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda alionyesha kwamba utamu wa supu ya mwani hutokana na glutamati. Mwaka 1957 Akira Kuninaka alitambua dutu nyingine, guanilati, ambayo hupatikana kwa wingi katika uyoga wa shiitake uliokaushwa, na akaonyesha kwamba dutu hizo mbili zikikutana ladha huongezeka mara nyingi kuliko kila moja ikiwa peke yake. Wapishi wa vegani hutegemea hesabu hiyo kila siku. Mchuzi wa shiitake mkavu ukichanganywa na sosi ya soya au nyanya iliyokaushwa hutoa uzito wa mchuzi wa mifupa, ingawa haumo mfupa hata mmoja.

Kusoma menyu: aina ya uyoga ndiyo habari

Menyu nyingi huandika "kuku", "kaa" au "nyama ya kuvutwa" ndani ya alama za nukuu, au huharibu tahajia ya neno kwa makusudi. Majina hayo hayamwambii mlaji mengi. Kinachoeleza sahani ni aina ya uyoga, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina. Isipoandikwa, iulizwe.

*Uyoga mamama*, ambao menyu huuita oyster, ndio unaochukua nafasi ya kuku wa kukaanga. Ni aina ileile inayolimwa na vikundi vingi vya akina mama Tanzania na Kenya kwenye mifuko ya majani makavu ya mpunga. Huota kwa mashada, kofia moja juu ya nyingine, na mpishi mzuri huupasua kwa mkono badala ya kuukata kwa kisu ili kingo zibaki na nyuzi. Shada huchovywa kwenye maziwa ya soya yaliyotiwa siki na sosi ya pilipili, huviringishwa kwenye unga wa ngano uliochanganywa na wanga wa mahindi, paprika, kitunguu saumu cha unga na pilipili manga, kisha hurudiwa mara ya pili: maziwa tena, unga tena. Unga wa pili hujishika kwenye mikunjo iliyo chini ya kofia, na huko ndiko ganda linakotoka na mabonge na ncha zinazovunjika mdomoni. Mafuta yanatakiwa kuwa kwenye nyuzi joto 175 hadi 180 za Selsiasi. Yakipoa, kwa mfano jikoni wakitumbukiza mashada mengi kwa pamoja, ganda hunywa mafuta na uyoga hutoka mzito. Sahani hii ndiyo kipimo cha mgahawa. Mahali pasipoweza kukaanga mamama vizuri hapana sababu ya kuaminiwa na vitu vigumu zaidi.

*King oyster* ni ndugu yake mwenye shina nene, jeupe na gumu. Shina hilo likikatwa vipande vya duara, likachanjwachanjwa juu na kukaangwa kwa siagi ya mimea, huwa badala ya kombe wa baharini. Likichambuliwa kwa uma kuwa nyuzi ndefu, likaokwa na kupakwa sosi ya kuchomea nyama, huwa nyama ya kuvutwa ya kuweka kwenye mkate. Matumizi yote mawili hufanikiwa, ila la pili hutegemea sosi mno: mara nyingi mlaji hula sukari na moshi, na uyoga wenyewe hausikiki.

*Lion's mane* ni bonge jeupe lenye manyoya marefu yanayoning'inia, halina kofia wala mikunjo. Likichambuliwa, nyuzi zake hukaribia sana nyama ya kaa, hata kwa utamu wake hafifu. Huchanganywa na chenga za mkate na viungo vya Old Bay vya Baltimore, kisha hufinyangwa kuwa keki za kaa za mtindo wa Maryland. Mlaji wa pwani anayemjua kaa atatambua tofauti, lakini hataona amepunjwa.

*Portobello* ni kofia pana ya kahawia ya baga. Wengi hawajui kwamba portobello, cremini na uyoga mweupe mdogo wa makopo ni spishi moja, *Agaricus bisporus*; hutofautiana kwa umri na rangi tu. Uyoga huu ndio unaolimwa zaidi Marekani, na zaidi ya nusu ya mavuno hutoka jimbo la Pennsylvania, hasa karibu na mji wa Kennett Square. Baga yake ina kasoro moja ya kudumu: kofia isipokaushwa vizuri huchuruza maji meusi na kulowesha mkate. Palipo na baga ya uyoga uliosagwa na maharage au nafaka, hiyo kwa kawaida ni chaguo bora.

*Shiitake* hukatwa nyembamba, hupakwa mafuta, chumvi na paprika ya moshi, kisha huokwa mpaka ikauke na kuwa badala ya bekoni. *Maitake*, wenye matawi mengi ya kijivu, huokwa shada zima na kuliwa kama steki. *Enoki*, ule wenye vijishina vyembamba vyeupe, hukaangwa kuwa badala ya ngisi.

Vyakula vya pembeni

Migahawa mingi ya aina hii hufuata mapishi ya Wamarekani Weusi wa majimbo ya Kusini, na hapo mlaji wa Afrika Mashariki yuko karibu na nyumbani kuliko anavyodhani. Majani ya collard ni jamii ya sukuma wiki. Black-eyed peas ni kunde. Okra ni bamia. Grits ni uji mzito wa mahindi, mlaini kuliko ugali. Katika migahawa ya kawaida ya Kusini, majani na kunde mara nyingi hupikwa na kipande cha nguruwe wa moshi. Hapa moshi hutoka kwenye paprika au uyoga uliofukizwa. Kwa Mwislamu hilo pekee ni sababu tosha ya kuja.

Jina moja hupotosha: biscuit ya Kusini si biskuti. Ni mkate mdogo mlaini, wa chumvi, unaoliwa na mchuzi mzito. Anayeuagiza kwa ajili ya chai atashangaa.

Jibini la makaroni kwa kawaida hutengenezwa kwa korosho zilizolowekwa na kusagwa, pamoja na hamira lishe, ambayo ni unga wa njano wenye ladha ya jibini na hauumui mkate. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi, korosho zikimiminwa juu ya makaroni ni ubadhirifu, lakini ladha yake ni nzuri.

KISANDUKU: Yasiyosemwa na neno vegani

*Kileo.* Mvinyo, bia na mirini (kileo kitamu cha mchele cha Kijapani) hutoka kwenye mimea, hivyo vinaruhusiwa katika mapishi mengi ya vegani. Ni kawaida kumwaga mvinyo mweupe kwenye kikaango cha uyoga ili kubandua ladha iliyoshika chini. Rojo la kukaangia laweza kuchanganywa na bia, na sosi ya kuchomea yaweza kutiwa wiski ya bourbon. Dhana kwamba kileo chote huruka kwa moto si sahihi: kwa vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichopikwa na kileo kwa dakika 15 hubaki na takriban asilimia 40 yake, na baada ya saa moja asilimia 25. Mwislamu, na yeyote anayejiepusha na pombe, lazima aulize sahani moja moja.

*Mzio.* Bila maziwa na mayai, jikoni huegemea soya, ngano, korosho, ufuta na karanga. Seitani ni gluteni tupu ya ngano. Sheria ya Marekani inataja vyakula tisa vikuu vya mzio (maziwa, mayai, samaki, kamba na jamii yake, njugu za mitini kama korosho na lozi, karanga, ngano, soya, na tangu 1 Januari 2023, ufuta), lakini inahusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, si menyu za migahawa. Uyoga wenyewe haumo katika orodha hiyo. Mwenye mzio wa kamba kwa kawaida hana haja ya kuogopa kitini, kwa kuwa mzio huo hutokana hasa na protini za kamba.

*Karai la mafuta.* Mamama iliyopakwa unga wa mchele haina gluteni, ila ikikaangwa katika mafuta yaleyale ya seitani haimfai mwenye ugonjwa wa siliaki. Na mgahawa ambao ni wa vegani nusu, wenye kuku halisi upande wa pili wa menyu, waweza kutumia karai moja kwa vyote.

*Chumvi.* Chakula hiki ni cha kukaanga na cha sosi. Kutokuwa na nyama hakukifanyi kiwe chepesi. Mwenye shinikizo la damu asidanganywe na picha za majani ukutani.

Kuagiza, hatua kwa hatua

1. Kwanza itambulike aina ya mgahawa. Maneno "plant-based" hayana tafsiri moja ya kisheria Marekani. Mahali pengine yanamaanisha vegani kamili, pengine yanamaanisha kwamba mboga ni nyingi lakini jibini la maziwa lipo. Swali la mlangoni ni moja: je, jikoni kote hakuna mazao ya wanyama, au ni baadhi ya sahani tu?

2. Masharti yasemwe kabla ya kuchagua. Mhudumu akiambiwa mapema kwamba mteja hatumii pombe au ana mzio wa korosho, atafuta sahani zisizofaa mwenyewe. Akiambiwa baada ya oda kuingia jikoni, itabidi arudi, na foleni ya nyuma itachelewa. Mwenye mzio mkali atumie neno mzio, si "sipendi". Kwa mpishi hayo ni maneno mawili tofauti kabisa.

3. Mhudumu asiyejua jibu aombwe aulize jikoni. Jibu la "nadhani hamna" si jibu.

4. Ichaguliwe sahani moja tu ya kukaanga kwa watu wawili. Hili hupuuzwa kila mara. Menyu imejaa vitu vya dhahabu vyenye ganda, na mezani hufika mbawa za uyoga, sandwichi ya uyoga wa kukaanga, vibanzi na vitunguu vya kukaanga kwa mpigo. Baada ya tonge la kumi ladha zote huwa moja. Sahani moja ya kukaanga, moja ya mchuzi au ya kuoka, na majani pembeni huwapa walaji wawili picha kamili ya jiko.

5. Itafutwe protini. Gramu 100 za uyoga mbichi zina takriban gramu 3 za protini; kiasi hichohicho cha kifua cha kuku kilichopikwa kina karibu gramu 30. Uyoga unachukua nafasi ya nyama mdomoni, si mwilini. Kunde, maharage, tofu au tempe pembeni huziba pengo hilo. Anayekula vegani kila siku ajue pia kwamba uyoga si chanzo cha kutegemewa cha vitamini B12, ambayo itabidi apate kwenye vyakula vilivyoongezewa au vidonge.

6. Sosi iombwe pembeni. Ganda la mamama hukaa dakika chache tu chini ya sosi kabla ya kulowa.

7. Vinywaji vya uyoga vichukuliwe kwa ladha yake. Kahawa na soda zilizotiwa unga wa lion's mane huuzwa kwa ahadi za kunoa akili na kutuliza mawazo, na bei hupanda kwa ajili ya ahadi hizo kuliko kwa kilichomo kikombeni. Uyoga wa kulevya ni jambo jingine kabisa, unadhibitiwa na sheria za dawa, na mgahawa wa kawaida hauupiki.

Sahani ikifika

Uyoga wa kukaanga uliopikwa vizuri hutoa sauti unapovunjwa, na ndani yake ni mwepesi na wenye majimaji kidogo. Ukipasuliwa, nyuzi zionekane. Bwawa la maji au mafuta chini ya sahani ni dalili kwamba uyoga haukukaushwa au mafuta hayakuwa na moto wa kutosha. Uyoga wa kuoka au wa kikaangoni uwe na kingo za kahawia; ukiwa wa kijivu kote, umechemka tu. Utelezi ni kosa, na harufu kali ya uvundo au ya samaki ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu huashiria uyoga uliokaa sana.

Sahani yenye kasoro hurudishwa, na Marekani hilo halihesabiwi kuwa ukosefu wa adabu mradi lifanyike mapema. Kasoro itajwe moja kwa moja: uyoga una maji, umepoa, haujaiva. Waswahili wengi huona haya, hula nusu ya sahani wakinung'unika kwa lugha yao, kisha humwambia mhudumu kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Mhudumu hana njia ya kujua.

TAHADHARI: Uyoga mbichi na uyoga wa porini

Sheria ya jumla ni rahisi: mgahawani, uyoga uliwe ukiwa umepikwa. Uyoga mweupe uliokatwa kwenye saladi ndio unaozoeleka kuliwa mbichi. Kwa aina nyingine sababu za kukataa ni za wazi.

Shiitake isiyoiva vizuri huwaletea baadhi ya watu upele wa ajabu: michirizi myekundu inayowasha mgongoni na kifuani, kama alama za kiboko, inayotokea siku moja hadi chache baada ya kula. Madaktari wa Japani waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1977. Huisha wenyewe, lakini si jambo la kulitafuta.

Morel, uyoga wa bei ghali wenye kofia yenye vishimo-vishimo, una sumu ukiwa mbichi. Mwaka 2023, katika mji wa Bozeman jimboni Montana, watu 51 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula morel katika mgahawa mmoja, ambako ilitolewa ikiwa mbichi au haijaiva vya kutosha. Morel iliyolowekwa tu kwenye siki au kumwagiwa mchuzi wa moto haijapikwa.

Enoki ilihusishwa mwaka 2020 na mlipuko wa bakteria wa Listeria nchini Marekani: wagonjwa 36, vifo vinne. Moto huua bakteria hao. Mjamzito, mzee na mwenye kinga dhaifu wasile enoki mbichi iliyotupiwa juu ya supu kama pambo.

Uyoga wa rangi ya machungwa unaoitwa chicken of the woods, unaoota kwenye magogo, huonekana kwenye menyu za msimu. Unaliwa na watu wengi bila shida, ila wapo wanaoumwa tumbo hata ukiwa umepikwa. Mara ya kwanza vipande viwili vitatu vinatosha. Kwa uyoga wowote wa porini, ni haki ya mteja kuuliza umetoka kwa nani. Mtu aliyezoea kuchuma uyoga wa vichuguu wakati wa mvua Kigoma au Katanga anajua uyoga wa kwao. Ujuzi huo hauvuki bahari, kwa maana uyoga wa sumu wa Amerika Kaskazini waweza kufanana na ule aliokula utotoni.

Tumbo pia lina neno lake. Uyoga mweupe na portobello vina manitoli, sukari ambayo huwajaza gesi watu wenye matumbo mepesi. Mamama ina kiasi kidogo cha sukari hiyo, hivyo ndiyo chaguo salama zaidi kwa anayejua kwamba uyoga humsumbua.

Orodha ya kukagua kabla ya kuagiza

☐ Jikoni ni vegani kote, au nusu?
☐ Ni uyoga gani ulio ndani ya sahani?
☐ Rojo, sosi au kikaango kimetiwa bia, mvinyo au bourbon?
☐ Kuna korosho, soya, ngano, ufuta au karanga?
☐ Karai la mafuta ni la pamoja?
☐ Uyoga umepikwa mpaka ndani?
☐ Mezani kuna kunde, maharage au tofu?

Bili na mabaki

Bei iliyo kwenye menyu ya Marekani si bei ya mwisho. Kodi ya mauzo huongezwa kwenye bili, na kiwango chake hutofautiana kwa jimbo na mji. Juu yake kuna bakshishi ya mhudumu, ambayo kwa desturi ni asilimia 15 hadi 20 ya bei ya chakula kabla ya kodi. Kwa mfano, chakula cha dola 40 mahali penye kodi ya asilimia 8 huongeza dola 3.20 za kodi. Bakshishi ya asilimia 20 ni dola 8. Jumla ni dola 51.20. Kabla ya kuongeza bakshishi, bili isomwe: kundi kubwa mara nyingi hutozwa ada ya huduma moja kwa moja, na anayelipa bila kusoma hulipa mara mbili. Mahali pa kuagizia kaunta, skrini huomba bakshishi pia, lakini hapo mteja ana uhuru zaidi.

Sahani za Marekani ni kubwa, na kuomba kisanduku cha kubebea mabaki ni jambo la kawaida kabisa. Chakula kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Ndani ya friji uyoga uliopikwa hukaa siku tatu hadi nne. Mamama ya kukaanga ipashwe kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika nane hadi kumi, ikiwa imetandazwa bila kupandana. Maikrowevu huligeuza ganda kuwa tambara. Mchuzi na nyama ya kuvutwa ya king oyster hupashwa jikoni mpaka vitoe mvuke kote, nyuzi joto 74 kwa mwenye kipimajoto. Makaroni ya jibini la korosho hukauka na kuganda yakipoa. Vijiko viwili vya maziwa ya soya vikikorogwa humo juu ya moto mdogo huyalainisha.